Usaha kwenye mkojo wa mama: ina maana figo inaoza?

Binti_Pongwe: Shikamooni wakubwa. Mama yangu, miaka 58, alianza na mkojo wa kuchoma, akanyamaza siku tano. Ijumaa usiku akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nikamfunika blanketi mbili na vitenge, wapi! Chini ya mbavu upande wa kulia, kwa nyuma, hataki hata kuguswa. Hospitali wamesema bakteria wamefika kwenye figo, na karatasi ya maabara imeandikwa usaha mwingi. Figo inaoza? Leo ni siku ya nne ya dawa, homa imeisha, anataka kuziacha.

Mzee_wa_Darubini: Marahaba mwanangu, mpe mama pole. Nimekaa maabara miaka 22. Haiozi. Usaha ule ni askari wa mwili, chembe nyeupe ziitwazo neutrofili, zilizo hai na zilizokufa.

Mara nyingi mdudu mwenyewe ni E. coli, mkazi wa utumbo. Hupanda kutoka kibofuni akijishikiza kwa vinyweleo asisombwe na mkojo. Seli za figo zikimtambua humwaga kemikali za kuita msaada, na neutrofili hutoka kwenye damu, hupenya kuta za mirija ya figo na kuanza kummeza. Kemikali nyingine hufika ubongoni na kuuamuru mwili upandishe joto. Ndiyo maana mama alisikia baridi huku anaungua.

Chini ya darubini huwa naangalia kama kuna vitu mfano wa tambi fupi, vimejaa chembe hizo. Tambi yenyewe ni protini ya figo, uromodulini, iliyoganda ndani ya mrija na kuchukua umbo lake. Nikiikuta, najua vita haiko kibofuni tu.

MamaWawili: Mimi yalinikuta nikiwa na mimba ya miezi sita, upande huohuo wa kulia. Daktari alisema mimba hulegeza mirija, mkojo unatuama. Nililazwa.

Binti_Pongwe: Sasa kama askari wameshashinda, dawa za nini?

Mzee_wa_Darubini: Hawajashinda, bakteria wamepungua tu. Wakiachwa wazaliane tena, neutrofili zitarudi, na sumu zinazowaulia bakteria huchoma na nyama ya figo, ikabaki kovu. Amalize dozi yote. Homa ikirudi au akitapika dawa, mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Na uliza kama mkojo wake ulioteshwa, yaani bakteria waliomo walikuzwa maabara na kujaribiwa kwa dawa. Majibu yake ndiyo yanayoonyesha kama dawa aliyopewa inawaua hao wa kwake.