Mjadala: Mkasi wa Hannah Höch na sanamu ambazo hazikuwa zake

Mtoa hoja: Ndugu wachangiaji, Hannah Höch (1889–1978) alikuwa miongoni mwa wasanii wa Berlin wa kundi lililoitwa Dada, harakati ya sanaa iliyodhihaki vita na desturi za jamii, ambao, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikata picha za magazeti na kuzibandika upya hadi zikatoa maana nyingine, mbinu inayoitwa fotomontaji. Kazi yake kubwa iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1920, ambamo kichwa cha Hindenburg, jenerali wa Ujerumani katika vita hivyo, kimekalishwa juu ya mwili wa mcheza dansi wa kike, haina ubishi. Ubishi uko kwenye mfululizo alioushughulikia tangu katikati ya miaka ya 1920 na kuuita "Kutoka Makumbusho ya Etnografia", yaani makumbusho ya vitu vya tamaduni za watu mbalimbali. Katika *Die Süße*, yaani "Mtamu", ya mwaka 1926, mwili wa sanamu ya Kiafrika umepachikwa jicho na midomo ya mwanamke wa Kizungu, kisha ukapewa miguu iliyovaa viatu vya kisigino kirefu.

Nauliza hivi: makumbusho yanayotundika kazi hizi leo, je, yaandike pembeni sanamu iliyokatwa ilitoka wapi na iliondokaje huko? Mimi nasema yaandike. Sanamu hizo zilipofika mezani kwa Höch zilikuwa zimeshapita kwa aliyezichukua, kwa aliyezihifadhi na kwa mpiga picha wa jarida, na mkasi wake ukawa mkono wa nne. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni yake mwaka 1919 tu, na vitu vilivyotekwa wakati wa Vita vya Maji Maji vilikuwa, na vingine bado viko, katika makumbusho ya Berlin. Sioni kwa nini msanii aliyekuwa mwepesi hivyo wa kumdhihaki jenerali asiulizwe alinyamazia nini.

Mchangiaji wa kwanza: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuanzia 1916 hadi 1926 Höch aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Ullstein, akibuni michoro ya tarizi kwa ajili ya wasomaji wanawake, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa majarida yaliyouza sura ya "mwanamke wa kisasa". Aliijua biashara hiyo kutoka ndani. Tazameni viweko: maumbo mengi ya mfululizo huu yamesimamishwa juu ya kiweko kama kitu cha maonyesho, na kinachosimamishwa hapo ni mwanamke wa Kijerumani pamoja na sanamu, wote wawili wamekatwa vipande, wote wawili wanatazamwa bila kuulizwa. Kwa maoni yangu anayeshtakiwa hapo ni mtazamaji.

Kumbukeni pia *Mischling*, yaani "Chotara", ya mwaka 1924, ambapo mdomo mdogo wa mwanamke mweupe umebandikwa kwenye uso wa mwanamke mweusi. Wakati ule magazeti ya Ujerumani yalikuwa yamejaa matusi dhidi ya askari kutoka makoloni ya Ufaransa waliokuwa wamewekwa katika eneo la mto Rhine, na dhidi ya watoto waliozaliwa nao. Mwaka 1937 utawala wa Hitler uliwafunga uzazi kwa siri mamia ya watoto hao. Kuuchagua uso ule, katika mji ule, na kuupa huzuni badala ya kichekesho, halikuwa jambo dogo.

Mchangiaji wa pili: Nasahihisha jambo moja, kwa kuwa mazungumzo yanaelekea kudhani kwamba kila kitu humo ni cha Kiafrika. Barakoa iliyofunika uso wa mwanamke mjamzito katika *Mutter* ("Mama", 1930) ni ya wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika.

Mtoa hoja: Nashukuru kwa masahihisho, ingawa naona yananisaidia mimi zaidi. Ikiwa barakoa ya Amerika na sanamu ya Afrika zinaweza kukaa ndani ya jina moja la "makumbusho ya etnografia" bila yeyote kuuliza tofauti yake, basi hicho ndicho kilichokuwa kikifanywa na makumbusho yenyewe. Mchangiaji wa kwanza atasema Höch alikuwa akiidhihaki tabia hiyo, na kuhusu *Mischling* amenishawishi: ule ni uso wa mtu, na umetendewa kama uso wa mtu. Kwenye *Die Süße* bado nasita, kwa sababu ili dhihaka dhidi ya mwanamke wa majarida ifanikiwe, ni lazima mwili wa sanamu uonekane wa ajabu machoni pa Mjerumani, na aliyeichonga hakuichonga iwe ya ajabu.

Kibao nilichokipendekeza hakihitaji kumhukumu mtu. Mistari miwili inatosha: sanamu ni ya watu gani, na iliingiaje katika mkusanyo iliyopigwa picha ndani yake. Anayeona mistari hiyo itamharibia mtazamaji starehe ya kuitazama kazi ya Höch aeleze ni starehe ipi hasa.