Kihausa na Kitagalogi: ni ipi iliyo karibu na Kiswahili chetu?

Mtafsiri, Goma

Wazee na ndugu zangu, nawasalimu. Mimi dada yenu natafsiri hapa Goma katika ofisi ambamo yumo mhandisi Mhausa aliyetoka Kano, Nigeria, na muuguzi Mtagalogi aliyetoka Manila, Ufilipino. Tunapokula mchana, kila mmoja hutufundisha maneno ya kwao, na masikio yangu yamechanganyikiwa. Yule wa Kano husema *lafiya* na *labari*, nami nasikia afya na habari. Tena mtu kwao ni *mutum*, karibu sawa na *mutu* tunavyotamka huku Kivu. Mama wa Manila naye hushukuru kwa kusema *salamat*, na meza huiita *mesa*. Je, lugha hizo zina undugu kati yao, au na Kiswahili? Na ikiwa nina nafasi ya kujifunza moja tu, ipi itanisumbua kidogo?

Mwalimu mstaafu, Lubumbashi

Binti yangu, undugu haupo, si kati yao wala kwetu. Kihausa ni cha ukoo mmoja na Kiarabu, Kiamhari na Kisomali, ingawa kimo katika tawi la Kichadi lililo mbali na hizo zote. Kitagalogi ni cha ukoo wa Kiaustronesia, na jamaa yake aliye karibu nasi kijiografia ni Kimalagasi: jiwe kwa Kitagalogi ni *bato*, na Madagaska ni *vato*, mbingu ni *langit*, na Madagaska ni *lanitra*.

Unachokisikia mezani ni maneno ya kukopa. *Lafiya*, *labari*, *littafi* na *lokaci* yametoka katika Kiarabu pamoja na mabaki ya kile kiambishi chao *al-*, na ndiyo sababu yanaanza kwa *l*. Sisi tulipokopa afya, habari, kitabu na wakati tulikiacha, isipokuwa katika maneno machache kama Alhamisi na alfajiri. *Salamat* pia ni Kiarabu, lakini kilifika Ufilipino kupitia Kimalei. *Mesa* ni ya Wahispania, waliotawala visiwa hivyo tangu 1565 hadi 1898, wakati meza yetu ililetwa pwani na Wareno. Ni fanicha moja iliyosafiri kwa merikebu mbili.

Kuhusu *mutum*, jihadhari sana. Kufanana kwake na *mutu* wetu ni bahati tu, na ukimwambia yule mhandisi *ya mutu* ukidhani unazungumzia mtu fulani, atakupa pole, kwa maana umesema kwamba amekufa. Kitenzi hicho, tofauti na maneno ya juu, si cha kukopa: Kihausa na Kiarabu wamekirithi kwa babu mmoja. Sisi ndio tuliokopa mauti na maiti kwa Waarabu.

Mfanyabiashara, Bukavu

Namheshimu Papa Mwalimu, lakini dada aliuliza pia juu ya ugumu. Mimi niliishi Kano kwa miaka kadhaa nikiuza vitambaa, na sentensi za Kihausa hazikunitisha, kwani mpangilio wake unafanana na wetu: *yaro ya sayi burodi*, mvulana alinunua mkate. Kile kijineno *ya* hubeba nafsi na wakati kwa pamoja, kama *ali-* yetu. Shida ni kwamba msichana hupewa *ta*, na hata unaposema na mtu ana kwa ana lazima ujue kama ni *kana lafiya* kwa mwanamume au *kina lafiya* kwa mwanamke. Nilimwita mteja wangu mkubwa, mwenye ndevu, kwa umbo la kike wiki nzima, naye kwa adabu hakunisahihisha.

Jambo la pili ni toni, ambazo haziandikwi katika maandishi ya kawaida. *Wuya* ni shingo au ni taabu, kulingana na sauti inavyopanda na kushuka. Anayejua Kiswahili peke yake atateseka. Lakini sisi wa huku tumekulia katika Mashi, lugha ya kwetu Bukavu, na Lingala tunaisikia kila siku, ambamo *moto* ni mtu, kichwa au moto kwa kufuata toni. Kwa hiyo sikio letu limekwisha kuzoezwa.

Mtafsiri, Goma

Nashukuru, Papa Mwalimu, nawe pia kaka. Basi Kitagalogi hakina mambo hayo ya kike na kiume?

Mwalimu mstaafu, Lubumbashi

Hakina. *Siya* ni yeye, awe mwanamume au mwanamke, kama kwetu. Ugumu umo katika kitenzi. Sisi hubandika viambishi mbele na nyuma ya mzizi. Wao huvipachika hata katikati yake. Mzizi *bili*, kununua, ukitiwa *-um-* huwa *bumili*, na ukitiwa *-in-* huwa *binili*. *Bumili ang bata ng tinapay*: mtoto alinunua mkate. *Binili ng bata ang tinapay*: mkate ndio unaozungumziwa, nao umenunuliwa na mtoto. Kijineno *ang* huonyesha ni nani au ni nini kitenzi kinachomwelekea, na *ng*, ambacho hutamkwa *nang*, huwatangulia wengine. Kuna hata *ibinili*, pale anayenunuliwa kitu anapopewa *ang*, jambo ambalo sisi tunalipata kwa kusema alimnunulia. Mzoefu wa nunua, nunulia na nunuliwa ataielewa mantiki hiyo upesi kuliko Mfaransa.

Na zipo sisi mbili: *tayo* humhusisha unayesema naye, *kami* humtenga. Ukimwambia muuguzi wenu kwamba *kami* tunakwenda kula, umemwambia abaki.

Mfanyabiashara, Bukavu

Kwa ushauri wangu, dada, anza na Kihausa. BBC hutangaza kwa lugha hiyo tangu 1957, mwaka uleule ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, na toni hazijifunzwi kwa kitabu bali kwa kusikiliza kila jioni.

Mtafsiri, Goma

Nimekubali Kihausa. Ila leo mchana nilimwambia yule mama *tayo*, akasimama na kuchukua sahani yake.