Nyota mstaafu kupewa timu ya chuo: atoke uwanjani moja kwa moja, asotee benchi kwanza, au atoke NBA?

Rula_ya_Pembeni:
Wakuu salaam. Kila Machi ikiisha wimbo ni ule ule. Chuo cha Marekani kinamtimua kocha wa basketi ya wanawake, mashabiki wanadai apewe timu yule dada ambaye jezi yake imetundikwa darini. Tuweke mahaba pembeni tulinganishe njia wanazopitia hawa nyota kabla ya kukabidhiwa filimbi. Mimi naona tatu.

Ya kwanza, uwanjani moja kwa moja. Lindsay Whalen aliteuliwa na Minnesota, chuo alichochezea, Aprili 2018 akiwa bado mchezaji wa Lynx ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake. Hakuwahi kuwa msaidizi hata siku moja. Misimu mitano: ushindi 71, vipigo 76, mashindano ya NCAA (ya ubingwa wa vyuo) hakuyaona, akang'atuka Machi 2023.

Ya pili, kusotea benchi. Kim Mulkey alitwaa ubingwa akiwa mchezaji wa Louisiana Tech 1981 na 1982, dhahabu ya Olimpiki 1984, kisha akakaa miaka 15 palepale kama msaidizi. Baylor walimchukua 2000 wakiwa wametoka kushinda 7 na kupoteza 20. Msimu wake wa kwanza tu akawaingiza NCAA, na 2005 wakawa mabingwa. Niele Ivey naye alikaa benchi la Notre Dame kuanzia 2007 hadi 2019, akapita Memphis Grizzlies ya NBA mwaka mmoja, akarudi 2020 kurithi kiti.

Ya tatu ni mchepuko: Kara Lawson. Mchezaji wa Tennessee, dhahabu ya Olimpiki 2008, miaka ya uchambuzi kwenye televisheni, msimu mmoja kwenye benchi la Boston Celtics ya NBA, halafu ukocha mkuu wa Duke Julai 2020.

Swali: chuo cha kati, timu imetoka kushinda mechi 8, mkurugenzi wa michezo ana majina matatu ya aina hizi. Amchukue nani?

KibaoNamba5:
Mkuu umemruka Dawn Staley, na huyo ndiye anayekuvurugia mpangilio wote. Temple walimpa timu 2000 bila uzoefu wowote wa ukocha, tena akiendelea kucheza WNBA hadi 2006. Iliwezekana kwa sababu kalenda hazigongani: WNBA inachezwa kiangazi, mazoezi ya chuo yanaanza vuli. Alichokosa ni mapumziko.

Ila tazama mazingira. Temple haikuwa chini ya darubini ya mtu. Makosa ya ukurutu alikuwa na nafasi ya kuyafanyia pale: kupanga wachezaji vibaya, kuchelewa kuomba taimauti, kutegemea wasichana waone pasi aliyokuwa akiiona yeye. Na kuanzia 2002 alikaa naye Lisa Boyer, mama aliyekuwa kocha mkuu wa Bradley miaka 10, akamfundisha Staley mwenyewe kwenye ligi ya kulipwa ya ABL, na akapita benchi la Cleveland Cavaliers. Staley alipohamia South Carolina 2008, Boyer alikwenda naye.

Na bado, South Carolina mwaka wa kwanza alishinda 10 akapoteza 18. Wa pili 14 kwa 15. Fainali Nne (hatua ya timu nne za mwisho) ya kwanza ilikuja 2015, msimu wa saba. Kombe 2017, tena 2022, tena 2024 bila kupoteza mechi, 38 kwa 0. (Fainali ile ya 2024 na Iowa ilianza saa nne usiku za huku kwetu, waliokesha wanajua.) Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nani", muulize huyo mkurugenzi ana subira ya miaka mingapi.

HesabuTupu:
Naongezea namba za Whalen mwaka kwa mwaka, maana jumla inaficha (ushindi kwanza, kisha vipigo): 21-11, 16-15, 8-13, 15-18, 11-19. Alianza vizuri na wachezaji aliowakuta. Timu ilishuka walipoondoka wale na kubaki wa kwake.

Nyota mgeni anaumizwa sana na saa. Sheria ya NCAA wakati wa msimu ni saa 20 kwa wiki, zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika ni lazima. Mechi inahesabiwa saa 3 hata ikichukua muda gani. Wiki ya mechi mbili inakula 6, zinabaki 14. Toa vipindi vitatu vya vyuma vya dakika 50, hiyo ni 2 na nusu. Toa kuangalia video nusu saa mara nne, 2 nyingine. Umebaki na 9 na nusu za uwanjani kwa siku nne au tano, yaani chini ya saa 2 na nusu kwa siku, na humo mna kupasha misuli na mitupo huru.

Mtu aliyetoka WNBA anakuja na daftari la michoro 40 ya mashambulizi. Kwa saa hizo wanafunzi watashika 12, labda 15 kama pointi gadi wako, yule mchezeshaji, ni mwerevu. Zilizobaki zitaonekana kwenye mechi kama mpira uliopotea. Aliyekaa benchi miaka kumi hili halimpati ghafla, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia bosi ratiba ya mazoezi.

Mlinzi_wa_Eneo:
Namba zako safi. Niongeze la kiufundi ambalo watu hawalisemi. WNBA ina sheria ya sekunde tatu za ulinzi: beki haruhusiwi kujiegesha ndani ya boksi, eneo la chini ya goli, zaidi ya hapo bila kumkaba mtu. Vyuoni haipo. Basi unakuta nyota analeta skrini yake ya juu (mwenzako anamzuia beki ili upite) iliyomlisha miaka kumi na tano, msichana anaingia ndani, anakuta mrefu wa sentimita 195 amesimama pale kama mlingoti, na wengine wawili pembeni yake. Huo ndio ulinzi wa eneo wa 2-3: wawili mbele, watatu nyuma, kila mmoja analinda sehemu yake badala ya mtu.

Dawa yake inajulikana: weka mpasi mzuri kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, mmoja azunguke kwenye mstari wa nyuma karibu na goli, wapigaji wawili wakae kona za uwanja, mpira upite katikati kabla ya kwenda upande wa pili. Lakini hiyo inataka mrefu anayejua kupasi, na mrefu wa hivyo unamtafuta kwenye usajili miaka miwili kabla. Saa ya kushambulia nayo ni sekunde 30 badala ya 24, kwa hiyo eneo lina muda wa kukuchosha.

Lawson alilipatia hili kwa kuanzia upande wa pili: Duke yake ni timu ya kukaba. Msimu wa 2020-21 waliusitisha baada ya mechi nne kwa ajili ya korona, uliofuata 17-13, kisha 26-7. Mwaka 2025 walitwaa kombe la ACC, kundi la vyuo ambamo Duke wanacheza, wakatolewa robo fainali ya NCAA na South Carolina 54-50. Ukisoma matokeo kama hayo unajua mazoezini wanafanya nini. Ulinzi hauhitaji michoro 40.

Jirani_wa_Kikapu:
Samahani, naona mnaelekea kusema "asotee benchi, kwisha". Tina Thompson je? Mataji manne ya WNBA na Houston Comets, miaka mitatu msaidizi wa Texas, akapewa Virginia 2018. Ushindi 30, vipigo 63, msimu mmoja ukikatishwa Januari 2021 baada ya vipigo vitano. Benchi alipita.

KibaoNamba5:
Haki yako. Miaka mitatu si kumi na miwili, lakini pia Virginia haikuwa na msingi wa usajili wakati ule. Tofauti na Ivey: mwaka wa kwanza 10-10, lakini uhusiano na makocha wa sekondari aliujenga tangu 2007, na kuanzia 2022 aliingia 16 Bora misimu minne mfululizo.

PasiNdefu:
Mfano mzuri kuliko yote kwa swali la mleta mada ni Adia Barnes. Mchezaji wa Arizona, bingwa wa WNBA na Seattle 2004, msaidizi wa Washington miaka mitano, akarudi Arizona 2016. Mwaka wa kwanza 14-16. Wa pili 6-24! Mashabiki wengi wangekuwa wameshaandaa barua.

Ila mwaka ule wa 6-24 Aari McDonald alikuwa amekaa kwenye benchi lake kwa nguo za kawaida. Alimfuata kutoka Washington, na sheria ya wakati ule ilimtaka aliyehama akae nje msimu mzima. Barnes alimeza vipigo akijua ana nini mfukoni. 2019 wakatwaa WNIT, mashindano ya timu zilizokosa nafasi NCAA, mbele ya watazamaji zaidi ya 14,000 Tucson, na 2021 wakafika fainali ya NCAA. Stanford 54, Arizona 53, mpira wa mwisho mkononi mwa McDonald, wamemzunguka watatu, ukagonga chuma ukatoka.

Leo McDonald angecheza siku ileile. Tangu 2021 mwanafunzi anahama bila kukaa nje, kwa hiyo kocha mpya anaweza kujaza kikosi kwa majira moja ya joto. Na anaweza kukipoteza vilevile. Mgawo wa mapato, yaani chuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ulianza 2025-26 na kikomo cha mwaka ule kilikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo, na mpira wa miguu wa Kimarekani unakula kwanza. Jina la nyota linamleta binti ofisini. Hapo atauliza fungu la basketi ya wanawake ni shilingi ngapi, na kocha awe na jibu lililoandikwa.

Rula_ya_Pembeni:
Nimewasoma. Basi kwa chuo changu cha kufikirika namchukua wa njia ya kwanza kama tu masharti haya yapo, la sivyo wa pili. Benchi: tangu 2023 kocha mkuu anaruhusiwa wasaidizi watano. Mmoja awe aliyewahi kuwa kocha mkuu, aina ya Boyer, mwenye ruhusa ya kumpinga bosi mbele ya watu. Mmoja awe wa usajili tu, anayejulikana na klabu za vijana za jimbo lile. Watatu waliobaki achague mwenyewe, wasiwe wote wachezaji wenzake wa zamani.

HesabuTupu:
Na mkataba? Mulkey aliondoka Louisiana Tech kwa sababu ya tofauti ya mwaka mmoja tu wa mkataba: walimpa minne, yeye alitaka mitano.

Rula_ya_Pembeni:
Mitano. Binti unayemsajili msimu wako wa kwanza anaanza masomo wa pili na anamaliza wa tano. Whalen mwaka wake wa mwisho alikuwa akichezesha wasichana wa mwaka wa kwanza wa Minnesota palepale, kundi bora kabisa alilowahi kusajili, na aliyewakuza ni kocha mwingine.