Tupeane uzoefu: katikati ya mji wenu, usiku mnapita kwa amani?

Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi Posta, Dar. Ofisi zikishafungwa saa 12, mitaa ya ndani inapoa kabisa. Mageti yameshushwa, umebaki wewe na walinzi. Mkoba naukumbatia mpaka kituo cha mwendokasi. Nikishuka Kariakoo, hapo jirani tu, nakuta watu wanabanana, wa chipsi yupo, wa matunda yupo, na roho inatulia. Naamini ulinzi wa kwanza wa mji ni watu walio na shughuli zao barabarani. Kwenu ikoje? Leteni mliyoyaona wenyewe.

Mkaazi wa Unguja: Dada, huku Forodhani jioni ndiyo mji unaamka. Bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, na wauzaji wanapanga meza zao kwa utaratibu. Mama yangu mtu mzima huenda na wajukuu wakala urojo, wakanywa maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, vijana wanapiga mbizi baharini kutoka ukutani. Pa kukaa papo, taa zipo. Ila ukiingia vichochoro vya nyuma vya Mji Mkongwe ukute taa imeungua, unaharakisha mwendo. Wazee wengine kwa ajili ya kichochoro kimoja tu hawatoki.

Muuza viatu, Dar: Niliuza pembeni ya barabara hadi sisi machinga tulipoondolewa 2021. Sibishi, njia ilikuwa imeziba, mama mwenye mtoto mgongoni alilazimika kushuka kwenye lami apishane na bodaboda. Shida ni tulikopelekwa. Ghorofani mteja hapandi! Viatu vya mtumba mtu ananunua akiwa anapita, havifungii safari. Wenzangu wengi wakarudi barabarani kimyakimya. Tuliobaki tukaomba mambo mawili: daladala zishushe mlangoni, na choo kisifungwe saa 12. La daladala lilikubaliwa, na wateja wakaanza kuonekana. Choo tunakisubiri mpaka leo. Dada anayeuza karibu yangu hanywi maji tangu mchana kwa sababu hiyo.

Mtu wa Moshi: Hilo la watu kuwa walinzi wa mji ni kweli. Hapa ukitupa taka ovyo kuna faini, lakini wananchi wenyewe ndio wanaosimamia. Mgeni wangu aliangusha ganda la ndizi stendi. Kabla sijafungua mdomo, muuza magazeti akamwita, "Kaka, umeangusha kitu." Akarudi, akaliokota.

Mleta mada: Mkuu wa viatu, hilo la choo limeniuma. Tangu biashara ya saa 24 izinduliwe Kariakoo 2025 tunasikia habari za taa, kamera na doria, na ni mambo mazuri. Sasa naomba wanaouza usiku waseme, hasa mama lishe: maji, choo na usafiri wa kurudi alfajiri mnavipata wapi, na mnalipa shilingi ngapi?