Vilima vya Bukavu: tupande misonobari kwa sababu imeishinda Siberia?

Mkaaji wa Bagira (anafungua mjadala)

Ndugu na majirani, amani kwenu. Kwenye mkutano wa kartiye (mtaa) yetu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, tulikubaliana kwamba salongo zinazokuja, yaani siku za kazi ya pamoja, tupande miti kwenye makorongo yanayoliwa na mvua. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza mzee mmoja tunayemheshimu aliposema miche yote iwe misonobari na misipresi. Hoja yake ilikuwa hii: misitu mikubwa ya kaskazini, kule Urusi na Kanada, ni ya miti ya jamii hiyo, na mti unaoishinda Siberia hauwezi kushindwa na Bukavu. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na nataka nieleze kwa nini.

Tuuangalie huo ushupavu wenyewe. Msitu wa kaskazini, unaoitwa taiga, umeuzunguka utosi wa dunia: unaanzia Norwe, Uswidi na Ufini, unapita Urusi hadi Alaska na Kanada. Oymyakon, kijiji kilichoko katikati yake Siberia, baridi ilishuka mwaka 1933 hadi nyuzi 67 chini ya sifuri. Mti wa pale umeumbwa kwa ajili ya hiyo. Majani yake ni sindano zilizopakwa nta, zisipoteze maji miezi ambayo udongo umeganda na mizizi haina cha kunywa. Umbo lake limechongoka juu na matawi yanaelekea chini, theluji iteleze bila kuyavunja. Episea, mti wa sindano wa kule, hubaki na sindano zake miaka kadhaa, maana kwenye udongo ule maskini kuota majani mapya kila mwaka ni hasara. Meleze, ndugu yake, hufanya kinyume: hupukutisha zote kabla baridi haijafika, na ndiyo inayotawala mashariki ya Siberia, ambako ardhi ya chini haiyeyuki hata wakati wa joto. Juu ya ardhi hiyo mizizi haizami. Inatandaa karibu na uso kama mkeka.

Sasa niambieni, ni kipi katika hayo kinachosaidia mteremko wa udongo mwekundu unaopigwa na mvua kuanzia Septemba hadi Mei?

Na tusiseme kwamba ushupavu ni kukua haraka. Kwenye vinamasi vya Kanada kuna episea nyeusi zenye miaka 100 na shina unaloweza kulishika kwa viganja viwili. Mti ule umejifunza kungoja. Korongo letu halingoji.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Msonobari na msipresi unaouzwa kwenye vitalu vyetu haukutoka Siberia wala Kanada. Ule msonobari wenye sindano ndefu zinazoning'inia ni Pinus patula, na asili yake ni milima ya Meksiko. Msipresi wetu nao umetoka Meksiko na Amerika ya Kati. Kwa hiyo tulipiga makofi kwa sifa za mti ambao hatutaupanda.

Seremala wa Kadutu

Ndugu Mkaaji, mimi naishi kwa ubao, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa ubao. Muvula (mvule) unatoka mbali, barabara ni mbaya, bei inapanda kila mwezi. Kalitusi (mkaratusi) ukiipasua mbichi inajipinda na kuchanika. Ni nzuri kwa miti ya kujengea na kuchoma matofali, basi. Sipresi inanyooka, inapokea msumari, haisumbui randa. Huo ni utajiri ambao mtoto wangu atauvuna.

Halafu umesahau jambo. Sindano zinazoanguka zinafunika udongo, tone la mvua haliugongi moja kwa moja. Na jirani zetu wa Rwanda walizungushia msitu wa Nyungwe mashamba ya misonobari, na misonobari hiyo imesimama. Nao walikosea?

Mama wa Kabare

Wanangu, mimi sijasoma mambo ya Siberia. Nina misipresi mitano kwenye mpaka wa shamba. Chini yake maharage hayatoki. Mbuzi hali majani yake. Nilikata mmoja nikangoja uchipuke, kisiki kikaoza. Kalitusi nikikata inarudi, nakata tena, inarudi. Papa Seremala, wewe unahitaji ubao mara moja katika miaka 25. Mimi nahitaji kuni leo jioni.

Mwanafunzi wa kilimo

Shikamooni wakubwa. Naongeza kidogo. Msonobari hauishi peke yake. Kwenye mizizi yake kuna uyoga mdogo unaoleta maji na chumvi za udongo, na mti unaulipa kwa sukari. Taiga nzima imesimama juu ya ushirika huo. Misonobari ilipoletwa Afrika mwanzoni, sehemu nyingi miche iliduma na kuwa ya manjano hadi watu walipoleta udongo wenye uyoga huo. Kwa hiyo ukipanda msonobari mahali usipowahi kuota, mche ukakaa miaka miwili bila kuongezeka, usilaumu mvua. Angalia mizizi.

Na tusisahau kwamba tuna mti wa ukoo huo uliozaliwa hapa: podo, ulio kwenye misitu ya Kahuzi-Biega. Hauna koni, yaani kile kibumba kigumu cha mbegu cha msonobari. Mbegu yake ina nyama ambayo ndege wanakula na kuisambaza. Sijui kwa nini vitaluni hauulizwi.

Mkaaji wa Bagira

Mama, asante, umesema kwa mistari michache nililotumia ukurasa. Mwanafunzi, kuhusu podo umenifungua macho.

Seremala, la ubao nakubali lote. La sindano nakubali nusu: zinalinda udongo wa juu, lakini zikirundikana majani mengine hayaoti, na moto ukipita zikaisha, unabaki udongo mtupu. Nyungwe nayo tuielewe: misonobari ile iliwekwa iwe uzio kati ya watu na hifadhi, na iwape watu mbao. Haikuwekwa kushika korongo katikati ya nyumba.

Huo moto ndio unaoninyima usingizi. Kaskazini, moto ni sehemu ya maisha ya msitu. Kuna misonobari ya Kanada ambayo koni zake zimezibwa kwa utomvu na hazifunguki mpaka zipate joto kali. Mti mama unaungua, mbegu zinamwagika kwenye majivu. Pinus patula wa Meksiko naye ana tabia hiyo, koni zake hukaa mtini miaka zikiwa zimefungwa. Mwaka 2023 Kanada iliunguza takriban hekta milioni 15. Nchi ile ina nafasi ya kuungua na kuanza upya. Sisi Kadutu na Bagira nyumba za mbao zimegusana ukuta kwa ukuta. Mti wenye utomvu juu yake, kiangazi cha Julai, mimi sitaki.

Tena kuna hatari ya kupanda aina moja peke yake. Januari 2005 dhoruba iliyoitwa Gudrun iliangusha kusini mwa Uswidi karibu mita za ujazo milioni 75 za miti, nyingi zikiwa episea zenye mizizi ya juujuu, zilizopandwa safu kwa safu. Karibu na kwetu, vidukari vya misipresi vilionekana Malawi mwaka 1986, vikafika Kenya mwaka 1990, na mashamba yakakauka. Aliyekuwa na miti mchanganyiko alibaki na kitu.

Pendekezo langu: kwenye makorongo tuweke mianzi, matete, miti ya kaliandra na grevilea, na miti ya asili tutakayopata, podo ikiwemo. Sipresi iende kwenye sehemu tambarare, mbali na nyumba, kwa ajili ya ubao. Na kuhusu mtaa wetu wa Funu tuseme ukweli: pale ardhi inatembea kutoka chini kabisa, chini zaidi ya mzizi wowote unapofika. Anayewauzia watu wa Funu miche kama dawa anawaweka hatarini. Pale ni mifereji ya maji, na kutojenga zaidi.

Seremala wa Kadutu

La korongo nimelikubali, na la moto nimelikubali zaidi, kwa sababu mwaka jana nilipoteza karakana. La "mbali na nyumba" ndilo gumu. Bukavu hiyo tambarare iko wapi, nani mwenye hati yake, na nani atalinda miti miaka 25 isikatwe usiku? Nina miche 40 ya sipresi kwenye pakiti, imeshafika goti. Jumamosi nitakuja nayo. Nionyesheni pa kuiweka.

Mama wa Kabare

Leta mitano kwangu, iwe upande wa barabara, mbali na maharage. Nawe Mwanafunzi, nitafutie mbegu ya huo podo.