Mtahiniwa mwenye uoni hafifu: maandishi makubwa, nukta nundu au msomaji?

Mwalimu wa Mbale
Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Nina mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye ualbino ambaye, hata akivaa miwani, hauoni ubao vizuri, na kitabu hukisogeza hadi karibu na pua. Mwakani atafanya UCE, mtihani wa kidato cha nne hapa Uganda, na hali yake lazima ielezwe kwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, wakati wa usajili. Mwalimu mkuu anapendelea karatasi za nukta nundu (Braille, maandishi ya kupapasa kwa vidole), mzazi wake anataka apewe mtu wa kumsomea na kumwandikia, nami naelekea kwenye maandishi makubwa. Kwa kuwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 45, swali langu si la muda. Nataka kujua ni njia ipi itamwezesha kuonyesha anachokijua.

Mstaafu wa Soroti
Mwalimu, nukta nundu ziwekeni kando. Nimewafundisha wasioona kwa miaka mingi, na watoto wenye uoni uliobaki, hata ukiwa mdogo, mara nyingi huinamia karatasi na kuzitazama nukta kwa macho badala ya kuzipapasa, jambo linalowachosha kuliko chapa ya kawaida. Kasi ya vidole hujengwa tangu madarasa ya chini. Haipatikani kwa mwaka mmoja. Ningesema vinginevyo kama daktari wa macho angeona dalili za uoni kuzidi kupungua, lakini kwa kawaida ualbino hauendi hivyo.

Mama wa Jinja
Kuhusu mwandishi msaidizi, mwanangu alimtumia katika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa sababu ya udhaifu wa mikono, na bila msaada huo asingemaliza. Hata hivyo, walikutana siku ya mtihani kwa mara ya kwanza. Insha ilikwenda vizuri, ila katika hisabati, ambako alizoea kuiona kazi yake ikishuka mstari kwa mstari, ilimbidi ataje kila kitu kwa mdomo: fungua mabano, toa tatu, funga mabano, rudi juu. Akapotea njiani. Kijana wako mikono anayo, Mwalimu. Sioni kwa nini aandikiwe na mtu mwingine.

Mwalimu wa Jiografia, Kabale
Naunga mkono maandishi makubwa, ila yana mtego ambao walimu wengi hawauoni. Kukuza karatasi ya A4 hadi A3 kwenye mashine ya kunakili si sawa na kuichapa upya kwa herufi kubwa. Urefu wa kila kitu huongezeka takriban mara 1.4, kwa hiyo ramani yenye skeli ya 1:50,000 inakuwa karibu 1:35,000 huku maandishi yake yakiendelea kusema 50,000. Mwanafunzi anayepima barabara kwa rula atakosa jibu ingawa amefanya kila hatua sawasawa. Skeli ya mstari, ile iliyochorwa kama rula ndogo kwenye ramani, haina tatizo hilo, kwa sababu hukua pamoja na ramani. Mfundisheni aitegemee hiyo. Vivuli vya kijivu navyo hubaki hafifu hata vikikuzwa, kwa hiyo michoro ya mitihani yenu ya ndani ichorwe upya kwa mistari mizito.

Mwalimu wa Mbale
Ahsanteni sana. Hoja ya ramani haikuwa imenijia kabisa. Mwalimu mkuu analalamikia gharama ya kuchapa karatasi kubwa kila muhula kwa ajili ya mtoto mmoja. Nimjibu nini?

Mama wa Jinja
Mkumbushe kwa heshima kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza taasisi ya elimu kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Kisha mwonyeshe hesabu yenyewe. Ni karatasi chache tu.

Mstaafu wa Soroti
Tena gharama hiyo haikwepeki, kwa sababu mtoto asiyewahi kufanya mtihani wa muhula kwa maandishi makubwa hatajua kuyatumia siku ya UCE. Anzeni muhula huu kwa herufi za ukubwa wa pointi 18, kisha 24, na mwacheni achague mwenyewe. Mpeni dawati zima peke yake, maana A3 haitoshei kwenye nusu ya dawati, na akae dirisha likiwa nyuma yake, kwani mwanga mkali wa mbele humuumiza macho. Jaribio moja afanye kwa kusomewa na kuandikiwa, kisha mzazi aitwe aone karatasi zote mbili zilizosahihishwa, ya herufi kubwa na ile aliyosomewa, kabla fomu za usajili hazijajazwa.