Uliwahi kupokea msaada wa maafa? Tupeane uzoefu

Mtoa mada: Wakuu, kikundi chetu cha kufa na kuzikana kila yakitokea maafa tunachangishana nguo na unga, tunapakia lori, basi. Safari hii nataka kuwasikia mliokuwa upande wa kupokea. Nini kilikufaa, nini kilikuwa mzigo? Wa siasa pisheni kidogo.

Mama Wawili, Katesh: Tope la Mlima Hanang lilitushukia Jumapili asubuhi, 3 Desemba 2023. Kambini chakula hakikuwa shida, magodoro na blanketi vilikuja kwa malori. Nguo ndo usiseme. Masweta tuliyagombea maana Katesh kuna baridi, ila kuna furushi tulifungua tukakuta tai tupu. Tai! Huku kanga, chupi na pedi hakuna. Kilichonitesa zaidi ni simu. Laini ilienda na tope, kitambulisho nacho, na kaka yangu wa Singida alishatuma hela kwenye namba ileile. Hela ipo, siishiki. Nyumba za serikali kule Waret zimejengwa, zaidi ya 100, na kweli ni nzuri, ila zilikabidhiwa Desemba 2024. Mwaka mzima hapo katikati tulikuwa wapangaji, na mwenye nyumba hapokei blanketi.

Nshomile wa Kashai: Tetemeko la Bukoba, 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9. Nyumba yangu haikuanguka, ilipasuka kona zote. Hilo ndo balaa, maana anayeorodhesha akiiona imesimama anaandika "nyufa", anasepa. Tulilala nje kwa kuogopa ardhi isirudie, na mvua zishaanza. Turubai nililopewa mpaka leo naanikia kahawa. Fundi alitaka kuziba nyufa kwa plasta, nikakataa. Tulibomoa kuta mbili, tukainua upya na kupiga mkanda wa zege juu ya madirisha. Mkitaka kunisaidia mimi, leteni saruji na nondo, mwezi wa tatu baada ya maafa, sio wiki ya kwanza.

Mtoa mada: Saruji si itauzwa?

Nshomile wa Kashai: Wachache watauza. Kwani nguo haziuzwi?

Kijana wa Naivasha: Mimi nilikuwa napikia watu kambini Mai Mahiu, baada ya maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye kalvati chini ya reli kufumuka usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 na kufagia Kamuchiri. Shule zilipofunguliwa Mei 13, sare zilikuwa zimeenda na maji. Walimu walisema watoto waje hata na nguo za nyumbani. Wadogo walienda, wakubwa wakaona aibu wakabaki kwa hema. Kuna kina mama walipita na futi ya fundi cherehani wakipima mtoto mmoja mmoja. Hao ndio nawakumbuka.

Mtoa mada: Mama Wawili, sasa tukituma hela, namba ya nani, kama laini zimepotea?

Mama Wawili, Katesh: Sisi tulichagua wamama watatu. Hela inatolewa mbele ya watu, inaandikwa kwenye daftari, kila mtu anasaini chake. Mjumbe hakufurahi. Akazoea.